Nyanya wa Kidato cha Tatu

Siku ya kuniaga mlinipa saa kubwa ya ukutani, mimi ambaye sasa sina kengele ya kukimbilia. Asanteni hata hivyo. Mke wangu ndiye anayeitumia, kujua wakati wa kupeleka majani ya chai kwenye kituo cha kuuzia kabla ya gari la kiwanda kufika. Halafu mkuu wa idara akanishika mkono pembeni, akaniomba niwaandikie kumbukumbu za miaka yangu ya ukufunzi, ili ninyi mlioajiriwa juzi mjue chuo chetu kimetoka wapi. Akanionya nisijaze habari za vyeo na mishahara. Angejua, asingejisumbua kunionya. Vyeo nilivyopata vinaenea kwenye kiganja, na mishahara mnaijua wenyewe.

Basi nianzie mlangoni. Nilifika chuoni siku ya mvua, nimevaa suti ya harusi ya kaka yangu, viatu vimejaa udongo mwekundu mpaka kwenye kamba. Nilitegemea kuonyeshwa ofisi. Aliyenipokea ni Bi. Kerubo, mkufunzi wa mbinu za kufundisha, mwanamke mfupi mwenye sweta la kijani ambalo nadhani alizaliwa nalo. Hakuniuliza nimesomea wapi. Alinipa kipande cha chaki, akanipeleka kwenye darasa tupu, akaniambia nichore moyo wa binadamu ubaoni bila kumpa mgongo.

Nilichora kitu kilichofanana na kiazi. Akakitazama, akasema amewahi kuona vibaya zaidi, ila si mara nyingi. Kisha akanifundisha, mimi mwenye shahada yangu ya sayansi, namna ya kusimama ubavu ubavu, mkono unachora na macho yanabaki darasani. Namna ya kugawa ubao sehemu tatu. Namna ya kufuta kutoka juu kwenda chini, kwa sababu anayefuta kwa kupunga mkono huku na huku anawalisha watoto vumbi. Mpaka leo nikiona mtu anafuta ubao kama anayeaga ndege, damu inanichemka, na wengine wenu mnajijua.

Bi. Kerubo alikuwa na msemo wake ambao nimeukopa na sikuurudisha: kuingia chuo ni kazi ya vyeti, kutoka ni kazi ya mtu. Nilidhani ni maneno ya kupamba mikutano. Nilikuja kuyaelewa polepole, kwa kukaa kwenye meza ya kusajili wanafunzi wapya kila mwaka na kwa kuwazungukia baadaye kwenye mazoezi ya kufundisha, ambayo ninyi mnaita TP.

Meza ya usajili ilikuwa shule kamili. Masharti ya kuingia yalibandikwa langoni kwa maandishi makubwa, na bado nusu ya waliokuja walikuwa hawajayasoma. Katika miaka yangu ilitakiwa wastani wa C katika mtihani wa kidato cha nne, na katika yale masomo mawili utakayofundisha usishuke chini ya hapo. Si mia kwa mia, jamani, ni C tu, lakini ndiyo iliyowaliza watu wazima. Ulete matokeo halisi, cheti cha kumaliza shule, cha kuzaliwa, kitambulisho, na fomu ya daktari. Niliwahi kupokea cheti cha rangi ya kahawia kama mkate, kwa sababu baba mtu alikihifadhi darini juu ya meko, mahali salama kuliko pote alipojua. Kilinuka moshi, lakini kilisomeka. Mzee mwingine alikuja na mkungu wa ndizi begani, akauweka juu ya meza yetu pamoja na vyeti vya bintiye, na hakutaka kuelewa kwamba ndizi hazimo kwenye masharti. Binti alikuwa na alama zake nzuri tu. Ndizi tulimrudishia, akazila na dereva wa chuo.

Masharti ya kutoka hayakubandikwa popote, na ndiyo yaliyokuwa magumu. Kufaulu mitihani ya darasani, hilo la kwanza. Halafu kufundishana wenyewe kwa wenyewe humu chuoni, dakika chache mbele ya wenzako wanaojifanya wanafunzi watukutu, na wengine hawakuwa wanajifanya. Halafu muhula mzima katika shule ya sekondari ukiwa na jalada lako: azimio la kazi la muhula, andalio la kila somo, kumbukumbu za ulichofundisha, na nyenzo ulizotengeneza kwa mkono wako. Sisi tunakuja kukutazama. Mwisho anakuja mtahini wa nje, mgeni asiyekujua wala kujua ukoo wako, anakaa nyuma ya darasa. Usipopita kwake, hata ungekuwa umepata alama zote za dunia katika mitihani ya kuandika, hupati cheti. Unarudia muhula. Na yote hayo yawe yamekwisha ndani ya miaka ambayo chuo kimekuwekea. Ikipita, unarudi nyumbani na matokeo yako ya kidato cha nne kama ulivyokuja.

Nyenzo ndizo zilizonipa furaha. Wengi walileta karatasi za manila zilizochorwa kwa kalamu za rangi, na mvua ya saa nane ikazikuta njiani. Lakini palikuwa na kijana wa kule Tabaka, mtoto wa wachongaji wa mawe ya sabuni, ambaye alipoambiwa atengeneze kielelezo cha moyo alikwenda kwao wikendi na kurudi na moyo wa jiwe. Aliupasua katikati, vyumba vyote vinne vimo ndani, na vali zake, nyembamba hivi kwamba niliogopa kuzigusa. Ukiutia maji unaona michirizi ya waridi kwenye jiwe, kana kwamba una damu. Nilimwuliza amejuaje umbo la vali. Akasema baba yake alichinja ng'ombe wa mahari ya dada mtu, naye akaomba moyo kabla haujatiwa sufuriani. Moyo ule uko maabara mpaka leo. Atakayeuangusha asinitafute.

Nasema haya yote ili mjue kwamba watu wa kustaajabisha niliwaona wengi. Lakini mkuu wa idara alipoomba nieleze kisa kimoja kilichonifunza kazi, sikufikiri mara mbili. Ni Kwamboka.

Alikuja mbele ya meza yetu akiwa mtu mzima, mama wa watoto watatu, amevaa sketi iliyopigwa pasi mpaka ikasimama. Vyeti vyake vilikuwa sawa. Katika Kemia alikuwa ameanguka mara ya kwanza, akarudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, akaanguka tena, akarudia tena, akapata. Tulikuwa na desturi ya kuwauliza wote kwa nini wanataka ualimu, na wote walikuwa na desturi ya kutujibu kwamba ni wito. Kwamboka hakuutaja huo wito. Alisema alipata mimba akiwa kidato cha tatu, akakaa nyumbani, akarudi shule mtoto akiwa ananyonya, na sasa anataka kufundisha.

"Kufundisha nini?" nikamwuliza.

"Biolojia na Kemia, mwalimu. Na nikipewa nafasi ya kuchagua, nataka kidato hicho hicho cha tatu."

Niliinamia fomu zangu. Si kwamba zilikuwa na la kusomwa.

Chuoni vijana walimwita Mathe, yaani mama, kwanza kwa utani na baadaye kwa dhati. Alikuwa anawaamsha waende mafunzoni, anawashonea vifungo, na anawashinda kwenye mitihani. Mwaka wa pili mtoto wake mdogo aliugua sana, ikabidi aahirishe masomo. Alirudi baada ya mwaka mzima, amekonda, mtoto amepona. Lakini ule mwaka ulikuwa umeliwa kwenye hesabu ya muda wake wa kukamilisha. Maana yake ilikuwa wazi, na nilimwambia mwenyewe ili asije akaambiwa na ubao wa matangazo: muhula wake wa mazoezi ungekuwa wa kwanza na wa mwisho. Akianguka kwa mtahini wa nje, hana muhula wa kurudia.

Sasa sikilizeni jinsi sisi wenyewe tulivyomtia kwenye mtego. Tulikuwa na kanuni nzuri kabisa kwamba mwanafunzi asipelekwe kufundisha kwao, ili asiwe mwalimu wa wadogo zake na mashangazi wasimletee uji darasani. Kamati ikachukua kitambulisho cha Kwamboka, ikaona Gesima, kule Nyamira kwenye chai, alikozaliwa. Wakampeleka mbali na Gesima kadiri walivyoweza, upande wa pili kabisa, karibu na soko la Nyamarambe. Hakuna hata mmoja kwenye ile kamati, na wote walikuwa Wagusii waliooa na kuolewa, aliyekumbuka kwamba mwanamke akishaolewa, kwao si tena kwa baba yake. Nyamarambe ndiko alikoolewa. Tulimtoa kwa wazazi wake tukamtua katikati ya ukoo wa mume wake.

Yeye mwenyewe mwanzoni alifurahi. Angelala kwake na kuwaona watoto. Shule ilikuwa ya kutwa, ng'ambo tu ya mto, na nilipokwenda kumtazama mara ya kwanza nilikuta mwalimu, tena mwalimu haswa. Alifundisha upumuaji kwa mapovu ya sabuni na mrija wa mpapai. Darasa lilikuwa linamfuata kila anakokwenda. Niliandika sifa mpaka nafasi ikaisha.

Mara ya pili nilikuta msiba. Alikuwa amefika kwenye mada ya uzazi wa binadamu. Aliandika kichwa cha somo ubaoni, akageuka, na darasa zima lilikuwa limeinamisha vichwa juu ya madawati kama linasali. Akauliza swali, kimya. Akauliza jingine, kimya kile kile. Sauti yake mwenyewe ikawa inapungua kila sentensi, mpaka akabaki anazungumza na dirisha. Kiranja wa darasa, kijana mrefu mwenye akili, ambaye siku ile ya mapovu alikuwa hakamatiki kwa maswali, alikuwa anakwangua kucha kwa rula.

Ninyi mliotoka nje ya milima hii mtaona ni watoto wenye haya tu, lakini kuna zaidi. Sisi tuna kitu kinaitwa chinsoni, yaani haya za heshima kati ya wazazi na watoto, na mzazi si yule aliyekuzaa peke yake, ni kila mtu wa rika lake katika ukoo. Mambo ya mwili hayatajwi kati yenu. Mtoto akimsikia mama yake anayataja ni kama amemkuta hana nguo. Nusu ya darasa lile walikuwa watoto wa ndugu za mume wake. Kiranja alikuwa mtoto wa shemeji yake, kaka wa mume wake tumbo moja. Nyumbani anamwita mama na kumpokea ndoo. Angeinuaje macho?

Nilimpa alama alizostahili, na hazikutosha. Tukakaa nje kwenye benchi kuzungumza, na hapo ndipo nilipogundua kwamba mimi mwenyewe, mkufunzi wa Biolojia, mzee wa makamo ya baba yake, nilikuwa nimefungwa na kamba ile ile. Mara zote nilisema "ile mada". Yeye naye akisema "ile mada". Nilikuwa natazama mti wa mkaratusi, yeye anatazama viatu. Kuna methali isemayo mficha uchi hazai, na ndiyo iliyofaa hapo, lakini ningewezaje kumtamkia binti wa watu?

Nikamshauri kwa njia rahisi. Mtahini wa nje anakuja juma lijalo. Ruka ile mada, ingia kwenye ukuaji wa mimea. Maharagwe hayana ukoo. Wape watoto kurasa wasome wenyewe nyumbani.

Akasema kwa upole sana, maana Kwamboka hakuwahi kunikosea adabu:

"Mwalimu, mwalimu wao wa siku zote ni wa hapa hapa. Aliwaambia wa mwaka jana wasome wenyewe. Na wa mwaka juzi. Mimi pia niliambiwa nikasome mwenyewe. Nikiiruka na mimi, nani ataifundisha?"

"Lakini huna muhula mwingine."

"Najua sina."

Nilimkumbusha kwamba ni cheti chake kilichokuwa kinachezewa, miaka yake yote, ile Kemia aliyoirudia mpaka ikamkubali. Akasema anajua na hilo pia. Halafu, akiwa ameinuka kwenda kufuta ubao, kutoka juu kwenda chini kama nilivyomfundisha, akasema kitu ambacho sikukielewa siku ile. Alisema watoto hawa kwa mama hawana mdomo, lakini kwa nyanya wanao.

Niliondoka nimeudhika. Nilimwambia dereva kwamba ukaidi ni ugonjwa. Dereva akaniuliza wa nani.

Mtahini wa nje alikuwa Bwana Odero, mtu wa upande wa ziwani, mrefu, msafi, na mkali ambaye wanafunzi walikuwa wanamsimulia kabla hajafika. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu anaamini kwamba andalio la somo ni ahadi, na mtu hupimwa kwa ahadi yake. Njiani nilitaka kumweleza habari za chinsoni, nikajizuia. Mtahini wa nje hapewi visa vya mtahiniwa, hiyo ni kanuni, na nimeishi kwa kanuni hata zinaponiuma.

Tulikaa nyuma ya darasa. Mlango ukafunguliwa, akaingia bikizee. Alikuwa amejifunga leso kichwani na nyingine kiunoni, sweta kuukuu limefungwa vifungo visivyolingana, fimbo mkononi, mgongo umepinda. Alitembea mpaka mbele taratibu, akiguna kila hatua, akakaa kwenye kiti cha mwalimu na kuiweka fimbo magotini. Nikatazama viatu vyake: vilikuwa vya Kwamboka. Bwana Odero aliniinamia akauliza kwa mnong'ono kama mwanafunzi wetu yuko mgonjwa.

"Ni igizo," nikamjibu, bila kujua ninachosema. "Nadhani limo kwenye andalio."

Akafunua andalio. Limo. Njia ya kufundishia: igizo dhima. Lengo limeandikwa, muda umeandikwa, nyenzo zimeandikwa: leso mbili, fimbo, ubao. Bwana Odero akakohoa na kutoa kalamu.

Somo lilikwenda kwa Kiingereza kama inavyotakiwa, na bikizee akikichovya kwenye Ekegusii, lugha yetu, kila alipotaka kuwachekesha, lakini mimi nitawapa kwa Kiswahili. Aliwatazama mmoja mmoja akiwa amefinya macho, kisha akasema:

"Wajukuu wangu, mama yenu hayupo leo. Ana haya sana yule, amejificha jikoni, amenituma mimi. Mimi haya zangu ziling'oka pamoja na meno."

Walitazamana, hawaamini masikio yao. Halafu msichana mmoja akacheka, akajiziba mdomo, na darasa zima likamfuata. Maana katika desturi zetu hizi hizi zinazofunga mdomo wa mzazi, nyanya hakufungwa. Mjukuu na nyanya ni marafiki wa utani. Magokoro, kama tunavyomwita, ndiye aliyekuwa analala na wasichana nyumbani mwake na kuwaambia kila kitu bila kupepesa jicho. Mila ilikuwa na mlango wake tangu zamani. Sisi wenye vyeti tulikuwa tumeusahau, tukakaa tunagonga ukuta.

Kiranja aliinua kichwa. Nilimwona akipambana na tabasamu.

"Magokoro, umetuletea nini?" akauliza.

"Nimewaletea habari za mlikotoka," akasema bikizee. "Na wewe mrefu, usijifanye umetoka kwenye kabichi. Njoo unishikie fimbo."

Akasimama na mgongo wake uliopinda, akachora. Nawaambia, hakuna mchoro wa ogani za uzazi uliopata kuchorwa vizuri hivyo katika wilaya hizi mbili, ubavu ubavu, jicho darasani, kila mstari mahali pake. Akawaita wataje sehemu. Akiona mmoja anasitasita, anamwambia aseme kwa sauti, nyanya hasikii vizuri. Jina la kisayansi likitajwa kimakosa analisahihisha hapo hapo, bila mzaha hata kidogo. Maswali yakaanza kuja moja moja, kisha yakafurika. Wavulana waliuliza mambo ambayo nina hakika walikuwa wamedanganyana kwa miaka. Wasichana waliuliza kuhusu siku zao, kuhusu hesabu ya mwezi, kama ni kweli mimba haiingii mara ya kwanza. Aliwajibu yote, kweli tupu, na kila jibu lilirudi kwenye mchoro.

Niliona haya, mzee mzima, masikio yakawaka moto. Na wakati huo huo niliona fahari. Nilitamani Bi. Kerubo angekuwa hai, akae pale kwenye dawati la nyuma na sweta lake.

Bwana Odero aliandika, akaandika, kisha akaacha kuandika akawa anasikiliza tu. Zilipobaki dakika chache alijumlisha alama zake na kugeuza karatasi kidogo upande wangu, jambo ambalo hakuwa na ruhusa ya kulifanya. Kwamboka alikuwa amepita. Amepita na kuzidi. Nikashusha pumzi, nikaanza kukunja miwani yangu. Kwetu sisi somo lilikuwa limekwisha.

Msichana wa karibu na dirisha aliinua mkono. Alikuwa mdogo wa umbo, na hakuwa amesema lolote tangu mwanzo.

"Nyanya," akasema, "wewe ulipokuwa kama sisi, nani alikuambia haya?"

Jibu la mchezo lilikuwa rahisi. Angesema nyanya yangu aliniambia, wote wangecheka, kengele ingelia. Nilimsubiri aliseme. Kwamboka alimtazama yule msichana, naye hakulisema. Alinyoosha mgongo. Akafungua leso ya kichwani, akaikunja, akaiweka juu ya meza, na mbele ya darasa akawa amesimama yeye mwenyewe, mke wa nyumba yao, mama yao. Vicheko vilikatika. Nikaona vichwa vinaanza kuinama tena na nikasema moyoni, basi, ameharibu.

"Hakuna aliyeniambia," akasema. "Nilikuwa nimekaa kwenye dawati kama hilo lako, kidato hiki hiki. Mwalimu alituambia tukasome wenyewe. Alikuwa na haya, na mimi nilikuwa na haya, na nikapata mimba kabla ya muhula kwisha. Mwanangu yule wa kwanza mnamjua nyote. Nampenda. Lakini sikuambiwa. Ndiyo sababu nimekuja."

Hata Bwana Odero, ambaye hakujua ni ukuta gani ulikuwa umebomolewa mbele yake, alikuwa ameweka kalamu chini.

Kisha nikamwona kiranja, yule mtoto wa shemeji yake, anasimama. Fimbo bado alikuwa nayo mkononi. Macho yake hayakuwa chini. Yalikuwa usoni kwake.

"Mama," akasema, "naomba urudie pale pa hesabu ya mwezi. Sikuandika."

Kengele ikalia na hakuna aliyeinuka. Kwamboka alichukua chaki, akasimama ubavu, akarudia, kwa sauti yake mwenyewe.